Uji Tulioukataa kwa Cucu Ciarunji

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku yangu ya arusi. Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya harambee, si mbali na Kiritiri, na siku hiyo nilikataa uji. Najua utacheka. Utasema mzee Njiru ameanza kuchanganyikiwa. Mtu gani hujutia kibuyu cha uji mpaka mvi zimejaa kichwani? Tulia kidogo. Majuto ni mjukuu, naye huyu wangu nimemlea muda mrefu mpaka amezeeka pamoja nami.

Nimeamua kuandika kwa sababu wajukuu wangu wananieleza kwamba siku hizi kuhudumia jamii ni sehemu ya masomo yenu ya sekondari. Mnakwenda vijijini, mnafanya kazi, mnarudi kusimulia mliyofanya, na mwalimu anawapa alama. Ni jambo jema. Sisi pia tulikwenda, ingawa alama zetu zilikuwa kichwani mwa mwalimu mkuu, na alama za namna hiyo humtia kijana tamaa kuliko zile za karatasi.

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mchanga. Shule yetu ilijengwa na wazazi wenyewe: mmoja alileta mawe, mwingine mchanga kutoka mtoni, mwingine mbuzi wa kuuzwa ili yapatikane mabati. Mwalimu mkuu alikuwa akituambia kwamba shule iliyotoka kwenye jasho la watu haiwezi kulea wavivu. Kwa hiyo kila Jumamosi tulishika majembe. Tulichimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, tukaziba mashimo barabarani, tukawachotea maji wazee wasio na watoto karibu.

Lakini palitokea aibu. Vijana fulani walizoea kurudi na kuku kwapani, wengine na asali, na watu wakaanza kunung'unika kwamba wanafunzi wanakwenda kukamua wazee. Ndipo mwalimu mkuu alipoweka sheria: "Mkono unaokwenda kusaidia urudi mtupu." Sheria hiyo haikuwa mbaya. Ubaya ulikuwa ndani yangu mimi niliyejificha nyuma yake.

Cucu Ciarunji alikuwa mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, chini ya shule. Cucu ni nyanya. Sote tulimwita hivyo hata tusiokuwa wa ukoo wake. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mbali, upande wa Mikinduri. Mchwa walikula nguzo za nyumba yake moja baada ya nyingine mpaka ikalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Akahamia katika kibanda cha mbuzi, yeye upande huu, mbuzi wake upande ule. Mvua ya vuli ilikuwa inakaribia. Wazee wa kijiji wakaja kuomba shule imjengee kabla haijanyesha, naye Mwalimu Kithinji, aliyetufundisha jiografia, akanifanya mimi kiongozi wa kikundi.

Sasa nikuambie kitu kuhusu kwetu Mbeere, maana pengine umekulia mjini na hukijui. Kwetu mtu hajengewi nyumba na watu wenye kiu. Hata kama mwenye nyumba hana chochote, watu wakija kumsaidia ni lazima awape kitu cha kunywa, na kitu chenyewe kwa kawaida ni uji wa mawele uliolazwa ukachachuka kidogo. Si malipo, kwa kuwa hakuna kibuyu cha uji kinachotosha kulipa nyumba. Mkishakunywa, kazi ile inakuwa ya watu waliosaidiana, leo kwako, kesho kwangu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mimi nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Nililelewa kwa uji huohuo. Shida ni kwamba shuleni nilikuwa nimeanza kuona haya.

Tulikuwa na wenzetu waliotoka juu milimani, Kianjokoma na kandokando yake, kwenye kahawa na majani chai na migomba ya kijani, si ukame kama kwetu. Walikuja kwetu kwa sababu kule kwao walikosa nafasi. Mmoja wao aliitwa Nyaga, kijana mcheshi, mtoto wa karani. Hakuwa mbaya, ila ulimi wake haukuwa na mlango.

"Njiru," angeniuliza mbele ya watu, "ni kweli kwenu mbuzi hunywa maji kwanza, halafu ndio watu?"

"Tukimaliza sisi, tunawaita nyinyi," nilijibu siku moja, na watu wakacheka, lakini moyoni niliumia. Nilianza kutembea kama wao na kuzungumza kama wao. Nikaacha kubeba chakula kutoka nyumbani. Tena nilitaka kuwa kiranja mkuu mwaka uliofuata, na kila mtu alijua kwamba mwalimu mkuu alikuwa akituchunguza kwenye kazi za Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza tulisimamisha nguzo. Cucu hakuwepo, alikuwa ameenda kuchota maji mbali. Jumamosi ya pili, hiyo ninayokusimulia, tulifunga fito na kuanza kukandika udongo. Mwalimu Kithinji alikuwa na homa, akaniachia kazi yote. Jua lilikuwa kali na udongo ulikuwa umetuganda mpaka masikioni. Karibu saa sita, Cucu akatoka kibandani na kibuyu kikubwa, akakiweka kivulini, akarudi kuleta vibuyu vidogo vya kunywea. Alikuwa amejifunga kitambaa safi kichwani. Hilo nililiona hata wakati ule.

"Wanangu, acheni kwanza," alisema. "Naweni mikono, mje mnywe."

Vijana wakaacha kazi. Wengine walikuwa tayari wamekwisha kuelekea kwenye ndoo ya maji. Ndipo Nyaga aliponisogelea na kunong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika na wote: "Kiongozi, onja wewe kwanza. Ukibaki hai, utuambie. Naona kama kuna unyoya wa mbuzi unaogelea pale."

Wakacheka. Si wote, lakini walinitosha.

Mwanangu, hakukuwa na unyoya wowote. Ningepiga magoti pale nikapokea kibuyu kwa mikono miwili, nikanywa, mambo yangeishia hapo na Nyaga angekunywa pia, kwa sababu alikuwa na njaa kama sisi. Badala yake nilinyoosha mgongo na kusema kwa sauti ya kiranja:

"Asante, Cucu, lakini sisi wanafunzi hatuli kwa watu tunaowasaidia. Ni sheria ya shule."

"Huu si chakula," alisema. "Ni uji tu."

"Hata uji."

"Na mtamalizaje kazi na koo limekauka?"

"Tumezoea. Weka tu, utakunywa mwenyewe. Wewe ndiye unayeuhitaji."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, hata sijui aliniona vipi. "Uji wote huu niunywe peke yangu," alisema polepole. "Kwani nimekuwa nani?"

Niligeukia fito zangu. Akaniuliza mimi ni mwana wa nani. Nikamtajia jina la baba nikanyamaza, kwa sababu nilijua kwamba nikimtaja mama atamfahamu: mama alizaliwa ng'ambo ileile ya kijito, na mashamba yao yalipakana. Cucu akainama, akakusanya vile vibuyu kimoja kimoja, akavirudisha ndani. Alipotoka alisema, "Basi, wanangu, pumzikeni. Kazi ya leo imetosha."

Sisi tukafurahi kuachiliwa mapema. Njiani Nyaga aliniigiza jinsi nilivyonyoosha mgongo, na nilicheka naye kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatatu asubuhi, kwenye gwaride, mwalimu mkuu akaniita mbele. Habari zilikuwa zimemfikia. Sitashangaa kama ni Nyaga aliyezipeleka kwa mzaha wake. Akaniwekea mkono begani mbele ya shule nzima. "Huyu hapa," alisema, "amekataa hata uji wa mjane. Mnaona? Mkono umeenda, mkono umerudi mtupu." Wakanipigia makofi. Nilikuwa nimengoja makofi yale tangu niingie shule ile. Nikayapokea yote, sikubakisha hata moja la kumpa aliyekuwa na haki.

Jumamosi iliyofuata tulishuka na mizigo ya nyasi kichwani kwenda kuezeka. Mwalimu Kithinji alikuwa amepona, akaja nasi. Tulikuta mlango wa boma umezibwa kwa matawi ya miiba, kama watu wafanyavyo wakiwa hawataki mbuzi watoke wala mgeni aingie. Tukabisha. Sauti ya Cucu ikatoka kibandani, bila hasira yoyote.

"Sina kazi leo."

"Cucu, ni sisi, watoto wa shule. Tumeleta nyasi," mwalimu alisema.

"Nimewasikia. Nawashukuru. Sina kazi."

Mwalimu Kithinji alinivuta kando. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa Mikinduri, na mambo ya heshima kwa wazee aliyajua. "Njiru, kuna kitu kilitokea hapa nilipokuwa mgonjwa?"

Hapo, mwanangu, ndipo mlango wangu wa pili ulipofunguka. Ningesema, "Ndiyo, mwalimu, tulimkatalia uji," angeelewa mara moja. Angeingia mwenyewe, angeomba msamaha, tungekunywa, tungeezeka, na jioni yake yule mama angelala chini ya paa lake. Lakini nikisema hivyo, nitamwambia nini mwalimu mkuu, na makofi ya Jumatatu nitayapeleka wapi?

"Hapana, mwalimu," nilisema. "Amebadilisha nia tu. Unajua wazee."

Akasema tugeuke. Zile nyasi tukazipeleka kuezeka jiko la shule ya msingi. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona, udongo nilikuwa nao mikononi, nikauacha.

Siku ya pili yake nilikwenda nyumbani baada ya ibada. Mama alikuwa ameketi nje akipukuchua kunde. Alikuwa amesikia kanisani kwamba kijana wake amesifiwa, akataka nimweleze mwenyewe. Nikamweleza, nikitarajia atafurahi. Vidole vyake vikasimama juu ya maganda.

"Hamkunywa?"

"Ni sheria, mama."

"Hata tone, la kulowesha mdomo?"

"Hapana."

Alizisukuma kunde kando. Kisha akasema, "Wewe unajua nyumba ambayo watu hufanya kazi wakaondoka bila kuonja kitu?"

Nilijua. Zamani, kwetu, mtu akifa, waliokuja kuzika walifanya kazi yao wakaondoka midomo mikavu. Hakuna aliyekula mahali pale.

"Ndivyo mlivyomfanyia," mama alisema. "Mmemjengea kama maiti. Na yale mawele, Njiru, unafikiri aliyatoa wapi msimu huu, wakati sisi wenyewe ghala limebaki vumbi? Nilimwona wiki mbili zilizopita akishusha kibuyu cha mbegu. Nikamuuliza kama anataka kupanda kabla mvua haijaja. Akaniambia, 'Hapana, nina watoto wanaonijengea. Mbegu Mungu ataleta nyingine.'"

 Cucu alikuwa amesaga mbegu zake za kupanda. Akajifunga kitambaa safi kichwani, akatutengea, nami nikamwambia yeye ndiye anayeuhitaji.

Mama hakunipiga wala hakunitukana. Alinipa kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kunipa. "Rudi kwake. Usiende na wenzako, usiende na nyasi, usiende na maneno ya shule. Mwambie wewe ni mwanangu, na una kiu. Mwombe uji. Hata akikupa maji matupu, kunywa. Utaona kama hatafungua lile boma."

Nilisema nitakwenda. Na kweli nilikusudia kwenda. Wiki ile tulikuwa na mtihani. Wiki iliyofuata nilitangazwa kiranja mkuu wa mwaka unaokuja, na nikaona haya kushuka kule na jina jipya. Kisha mvua ikaja, mvua ya vuli ile ya kwetu inayoshuka kama imetumwa kulipiza kisasi, kijito kikajaa, nikajiambia haiwezekani kuvuka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Shule zilipofungwa nilikwenda. Nilivuka kijito kikiwa kimepungua. Ile miiba haikuwepo tena mlangoni. Kuta tulizokandika zilikuwa zimeyeyuka, udongo wote umeteremka ukarudi ardhini, na fito zetu zimebaki zimesimama wazi. Kibanda kilikuwa kitupu. Jirani, mzee aliyekuwa akichunga mbuzi karibu, aliniambia Cucu alishikwa na kifua kwa sababu ya unyevu, na binti yake akaja na mumewe wakamchukua.

"Atarudi lini?" niliuliza.

"Mtu hurudi nyumbani, kijana," alisema yule mzee. "Hapa unaona nyumba?"

Hakurudi. Aliishi kwa binti yake miaka kadhaa, akazikwa kule, kwenye baridi na mashamba ya miraa, mbali na mumewe aliyelala ng'ambo ya kijito chetu. Sisemi kwamba mimi ndiye niliyemuua. Mungu anajua siku za kila mtu. Lakini nilichomnyang'anya ninakijua. Alikuwa na udongo wake na jina lake, na mahali pa kumwambia mgeni "kaa." Alikwenda kuishi kama mgeni kwa mkwewe, jambo ambalo mwanamke wa kwetu wa rika lake hakulitamani hata kidogo.

Mimi nilimaliza shule, nikapata kazi ya ofisini Embu, nikaoa, nikalea. Kanisani nimekaa kwenye kamati nyingi za kusaidia wasiojiweza, na katika kila moja nimekutana na yule kijana wa mgongo ulionyooka. Nimemwona kwa wengine, na mara nyingine, Mungu anisamehe, nimemwona tena ndani yangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeanza kuota mvi, tulikutana na yule binti wa Cucu kwenye mazishi ya jirani yetu wa zamani. Alikuwa mama mzee tayari. Baada ya kusitasita nilimwendea, nikamwambia kwamba nilikuwa mmoja wa wale wanafunzi, na kwamba ni mimi niliyekataa uji kwa niaba ya wote. Nilitarajia aniseme. Pengine nilitaka aniseme.

"Mama alikuwa akiwataja," alisema. "Hakuwasema vibaya. Alisema mlikuwa watoto wenye bidii sana." Akafikiri kidogo. "Alisema tu kwamba hamkuwa na kiu."

Nikasema tulikuwa na kiu. Nikarudia, tulikuwa na kiu sana siku ile. Akanishika mkono akaupapasa, kama mtu anavyombembeleza mtoto wa mwenzake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, ukitumwa na shule kwenda kusaidia watu, nenda. Usidhani nakukataza. Chimba, chota, jenga, na ufanye kazi ambayo hata asiyekupenda ataisifu. Lakini uingiapo katika boma la mtu, ujue umeingia kwa mwenyeji, hata kama paa limeanguka. Yeye ndiye anayekukaribisha. Wewe bado u mgeni wake, uwe na jembe au bila jembe. Akikuambia kaa, kaa. Akikupa, pokea kwa mikono miwili, japo ni kidogo, na hasa ikiwa ni kidogo. Ukipewa sheria ya kukataza kunyonya maskini, itii kwa moyo wake, usiigeuze fimbo ya kuwapigia. Aliyezoea kupewa tu, siku atakayoweza kutoa humrudisha katika utu wake, na wewe ukimfungia siku hiyo, umemwacha maskini kuliko ulivyomkuta.

Na ukikosea, maana utakosea, usingoje mto upungue. Rudi siku ileile, ukiwa bado na udongo mikononi. Kuomba msamaha leo ni aibu ya saa moja. Ukiuahirisha, utaubeba mpaka mahali ambapo wa kuupokea hayupo. Sifa za watu usizihifadhi kwa uongo. Makofi niliyopigiwa mimi yaliisha kabla hatujaingia darasani.

Kama ungekuwa hapa mbele yangu ningekutemea mate kifuani, kama wazee wetu walivyonibariki mimi nisiyestahili. Kwa kuwa uko mbali, pokea kwa maneno. Mungu akupe nguvu za kuwajengea wengine, na akupe kiu ya kunywa kilicho chao. Kila boma utakalosaidia likufungulie mlango mara ya pili. Na siku utakapozeeka wewe, vijana wakija kukujengea, wasikupite. Waketi kwako, wanywe mpaka kibuyu kiishe, na nyumba hiyo iwe yako.